Kiwanda Kinaponunuliwa, Kisha Kikafungwa

Mkulima wa Murangi apandapo pamba mvua za vuli zinapoanza, hajui atapata bei gani msimu wa kuuza utakapofika. Anachokijua ni kwamba pamba yake, ikisha kuchambuliwa na kutolewa mbegu, itafungwa marobota, na sehemu iliyo kubwa itapelekwa ng'ambo. Naye mkewe akienda gulioni kununua kitenge, kitenge hicho aghalabu kimetoka ng'ambo vilevile. Lakini mjini Musoma, safari ya asubuhi moja tu kutoka Murangi, kilijengwa kwa fedha za umma kiwanda kikubwa cha nguo, ambacho watu wote walikiita MUTEX, ili pamba ya Mara isokotwe na kufumwa papo hapo Mara. Wakati wa ubinafsishaji kiwanda hicho kiliuzwa, na baadaye mashini zake zikanyamaza. Wabunge wa mkoa huo wamekuwa wakikiulizia Bungeni, na wazee waliofanya kazi humo wamekuwa wakiulizia haki zao.

Swali lililo midomoni mwa watu wengi ni rahisi, walakini jibu lake si rahisi. Huuliza hivi: Mtu mwenye akili timamu atoaje fedha zake kununua kiwanda, kisha akakiacha kifungwe? Mbona hata mwenye duka dogo hanunui duka ili alifunge? Wengine hujibu kwa haraka kwamba mnunuzi ni mjinga, au ni mwovu. Twaona majibu hayo mawili hayafai, kwa maana yanamzuia mtu asiendelee kufikiri. Mara nyingi mnunuzi si mjinga hata kidogo. Amepiga hesabu zake sawasawa, ila hesabu zake si hesabu za mkulima wa pamba wala za mfumaji.

Katika somo hili twapenda kuzieleza hesabu hizo, maana jambo hili si la Musoma peke yake, wala si la Tanzania peke yake.

Kwanza yafaa tuwe waadilifu. Si viwanda vyote vya zamani vilivyouawa na wanunuzi. Viwanda vyetu vingi vya nguo vilikuwa wagonjwa tangu kabla havijauzwa. Mashini zilikuwa zimechakaa, vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, umeme ulikatika mara kwa mara, madeni yalikuwa yamelundikana. Tena, tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba na nguo za bei nafuu ziliingia kwa wingi, na kitambaa chetu kikashindwa kushindana nazo sokoni. Sheria ya mwaka 1992 ilipoifungulia njia Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, iliyojulikana kwa herufi zake PSRC, Serikali ilikuwa imechoka kuyalisha mashirika yasiyoweza kujilisha. Tume hiyo ilifanya kazi mpaka mwaka 2007.

Wala si kweli kwamba kila kilichouzwa kilikufa. Kampuni ya Bia Tanzania iliingia ubia na watengenezaji wa bia wa Afrika ya Kusini mwaka 1993, ikafufuka na kuwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa nchini. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kiliuzwa mwaka 1998 kwa watu waliokuwa wakiifanya biashara ya miwa na sukari tangu zamani, na Serikali ikabaki na robo ya hisa. Kikaongeza sukari. Hapo wanunuzi walikuwa mafundi wa kazi ile ile, na faida yao haikuweza kupatikana ila kwa kutengeneza bia na sukari. Lakini hata hilo halitoshi kuwa dhamana. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kiliingizwa katika ubia katika miaka ya 1990. Wabia wa Kichina walichukua asilimia 51, na Serikali yetu ikabaki na 49. Kikazidi kudhoofika badala ya kustawi.

Sasa twende kwenye hesabu zenyewe.

Kiwanda kina thamani za namna mbili. Kuna thamani ya kazi yake, yaani nguo zinazotoka, mishahara inayolipwa, pamba inayonunuliwa, mama lishe anayepika ugali langoni, na kodi inayoingia halmashauri. Na kuna thamani ya vitu vyake: kiwanja, mabati, vyuma, jina linalojulikana na watu, na hati ya ardhi inayoweza kupelekwa benki kuwa dhamana ya mkopo. Thamani ya kwanza hupatikana polepole, kwa jasho, mwaka baada ya mwaka. Thamani ya pili hupatikana mara moja, kwa kutia sahihi. Ikiwa bei aliyolipa mnunuzi ni ndogo kuliko thamani ya vitu, basi amekwisha kupata faida hata kabla hajawasha mashini moja. Yaweza kuwa kiwanda kilichofungwa ni cha faida kwake kuliko kilicho wazi, kwa sababu kilichofungwa hakidai mshahara wala umeme. Ndiyo maana katika miji yetu twaona majengo yaliyojengwa kwa ajili ya kutengeneza vitu yakiwa leo ni maghala ya kuwekea bidhaa zilizotengenezwa kwingine. Serikali ilipoanza kuwataka wanunuzi wa viwanda wavifufue au wavirudishe, na mwaka 2018 ikaanza kuvitwaa baadhi yao, ilikuwa ikipambana na hesabu hiyo hiyo, lakini miaka mingi ilikuwa imekwisha kupita, na vyuma vingine vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa kilo.

Hiyo ni hesabu ya kwanza, na wengi wameiona kwa macho. Ya pili imefichika zaidi, nayo ndiyo inayotumiwa na makampuni ya uwekezaji ya nchi tajiri. Makampuni hayo hayatengenezi kitu. Kazi yao ni kukusanya fedha za matajiri na za mifuko ya pensheni, kununua kampuni nzima, kuishika miaka michache, kisha kuiuza kwa bei kubwa zaidi. Tutaieleza kwa mfano wa hapa hapa ziwani.

Tuseme mzee mmoja ana mtumbwi wa dagaa ulio mzima, wenye injini, nyavu na taa, na wavuvi wanne wanaoujua vizuri. Bei yake ni shilingi milioni 10. Anakuja mnunuzi mwenye milioni 2 tu mfukoni. Milioni 8 zilizobaki anazikopa, lakini deni haliandikwi kwa jina lake. Laandikwa kwa jina la mtumbwi. Ni mtumbwi utakaolipa, kutokana na dagaa wake wa kila usiku. Mwezi wa kwanza mnunuzi anajilipa ada ya usimamizi, maana yeye ndiye bwana mkubwa. Mwezi wa pili anaiuza injini kwa jamaa mwingine, fedha anazitia mfukoni, na tangu siku hiyo mtumbwi unaikodi injini ile ile iliyokuwa yake. Mwezi wa tatu anamwachisha kazi mvuvi mmoja, akisema wanne ni wengi mno. Kufikia hapo amekwisha kurudisha milioni zake 2 na kitu juu. Halafu inakuja mbalamwezi, na nyote mnajua kwamba dagaa hawavuliwi katika mbalamwezi. Zamani mzee alikuwa akikaa siku zile pwani, akitengeneza nyavu na kungoja giza. Lakini mtumbwi wenye deni hauna ruhusa ya kungoja. Riba haijui mbalamwezi. Mtumbwi unashindwa kulipa, mkopeshaji anautwaa, na wavuvi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ukimwuliza mnunuzi kama amepata hasara, atacheka.

Msomaji asifikiri tumetia chumvi. Nchini Marekani kulikuwa na kampuni ya magodoro iitwayo Simmons, iliyoanzishwa mwaka 1870 huko Kenosha. Ilipitia vita vikuu viwili na mdororo mkuu wa uchumi, ikasimama. Kisha ikaanza kuuzwa kutoka mkono wa kampuni moja ya uwekezaji kwenda mwingine. Mwaka 1991 deni lake lilikuwa dola milioni 164. Mwaka 2003 ilinunuliwa na kampuni ya Thomas H. Lee kwa bei ya dola bilioni 1 na zaidi, nazo dola milioni 327 tu ndizo zilizokuwa za wanunuzi wenyewe. Zilizobaki zilikuwa mkopo, na aliyebebeshwa mkopo huo ni Simmons. Baadaye kampuni ikakopeshwa tena, si ili inunue mashini, bali ili ipate fedha za kuwagawia wenye mali. Uchumi wa dunia ulipoanguka na watu wakaacha kununua magodoro, deni lilikuwa limefika dola bilioni 1.3. Mwaka 2009 Simmons ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Zaidi ya robo ya wafanyakazi wake walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi, na waliowakopesha walipoteza mamia ya milioni. Wanunuzi walitoka na faida ya dola milioni kama 77. Jina la Simmons halikufa, likaunganishwa na jina la Serta, na mwaka 2023 kampuni hiyo ya pamoja ikaingia mahakamani tena kwa sababu ile ile ya madeni.

Hapo hapakuwa na wizi, na jambo hilo yatupasa kulitia akilini. Sheria ya huko iliruhusu kila hatua. Mwalimu aliyestaafu, ambaye pensheni yake iliwekwa katika mfuko uliotoa fedha hizo, huenda alipata sehemu yake ya faida bila kujua kwamba imetoka katika mshahara wa mshonaji wa magodoro. Dhambi ikigawanywa vipande vidogo vidogo kwa watu wengi, hakuna anayeuona uzito wa kipande chake.

Iko na hesabu ya tatu, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumeionja kwa ulimi. Nani katika wasomaji wetu wa makamo hakuwahi kuona mkebe wa kakao wa Cadbury juu ya kabati la nyumbani? Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1824 katika mji wa Birmingham, Uingereza, na John Cadbury, mtu wa dhehebu la Quaker. Wanawe walijenga kiwanda mahali walipopaita Bournville, na pembeni yake nyumba zenye bustani, kwa kuwa waliona haya mfanyakazi wao aishi katika uchafu wa mji. Mwaka 1919 iliungana na kampuni ya Fry ya Bristol, ambayo baadaye ilihamia kiwanda cha Somerdale, katika mji mdogo wa Keynsham.

Mwaka 2009 kampuni kubwa ya vyakula ya Marekani, Kraft, ilitaka kuinunua Cadbury. Wakuu wa Cadbury walikataa. Lakini kampuni ambayo hisa zake zauzwa sokoni haina lango la kufunga. Mara habari zilipoenea, wafanyabiashara wa hisa wa muda mfupi walianza kununua hisa za Cadbury, si kwa kupenda chokoleti, bali ili waziuze kwa Kraft baada ya majuma machache. Roger Carr, aliyekuwa mwenyekiti wa Cadbury, alieleza baadaye kwamba watu wa namna hiyo walikuwa na asilimia kama 5 ya hisa mwanzoni, na mwishoni walifika karibu theluthi moja. Watu wasiotazamia kuwa hapo mwezi ujao ndio waliokata shauri la kampuni iliyodumu miaka 186. Januari 2010 bei ikakubaliwa, pauni kama bilioni 11.5, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikakopwa.

Sasa angalieni ahadi. Kiwanda cha Somerdale kilikuwa kimepangwa kufungwa na Cadbury wenyewe tangu mwaka 2007, na kazi yake kuhamishiwa Poland. Kraft walipokuwa wakitafuta kibali cha watu, walisema wanaamini wataweza kukiacha wazi. Wafanyakazi kama 400 wakapumua. Mwezi wa Februari 2010 Kraft wakawa wenye mali, na siku chache tu baadaye wakatangaza kwamba Somerdale kitafungwa, kwa sababu mambo ya Poland yamekwisha kufika mbali mno. Baraza la Uingereza linalosimamia ununuzi wa makampuni liliwakemea hadharani mwezi wa Mei mwaka ule ule, na mwaka 2011 kanuni zikakazwa, kwamba anayetaka kununua kampuni aseme wazi nia yake juu ya wafanyakazi na viwanda, na akisema aishike. Kwa watu wa Keynsham dawa ilifika baada ya mazishi. Mashini zilikuwa zimesimama tangu Januari.

Mwaka 2012 Kraft iligawanyika, na sehemu iliyobaki na Cadbury ikachukua jina la Mondelez. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikakifunga kiwanda cha Cadbury cha Nairobi, ambacho watu kama 300 walikuwa wakikitegemea, ikaendelea kuuza Kenya bidhaa zilizotengenezwa nchi nyingine. Kiwanda kile hakikuwa mufilisi kama MUTEX. Hesabu ya hapa ni kwamba mwenye viwanda vingi duniani huona viwili vinavyofanya kazi moja kuwa kimoja kimezidi, na jina lililo juu ya mkebe laweza kusafiri bila watu walioujaza mkebe huo.

Kanisa limelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Papa Leo XIII aliliandikia tangu mwaka 1891, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 alifundisha kwamba kazi ya mtu hutangulia mtaji. Twataja hayo kwa ufupi, kwa sababu twajua msomaji ambaye amefungiwa lango leo anataka kwanza kujua afanye nini.

Basi, kabla kiwanda hakijauzwa. Mkataba wa mauzo ni wa watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Mfumaji hamo, wala mkulima wa pamba hamo. Lakini pale ambapo mali ni ya umma, muuzaji ni mtumishi wetu, na madiwani na wabunge wana haki ya kuuliza mambo fulani. Mnunuzi huyu ameifanya kazi hii wapi hapo kabla? Fedha zake ni zake kwa kiasi gani, na mkopo utaandikwa kwa jina la nani? Je, hati ya kiwanja yaweza kuwekwa rehani, na fedha za rehani hiyo zitatumika humo kiwandani au kwingine? Asipowasha mashini kwa tarehe iliyotajwa, mali itarudi kwa nani, na baada ya siku ngapi? Sharti lisilo na tarehe ni sawa na salamu tu. Twadhani kama maswali haya yangaliulizwa kwa ukali katika miaka ya 1990, viwanda vichache zaidi vingaliuzwa, na vingi zaidi kati ya vilivyouzwa vingalikuwa hai. Makampuni binafsi nayo, yanaponunuana na kufikia kiwango kilichowekwa, hupaswa kuijulisha Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003, na hapo vyama vya wafanyakazi na vya wakulima havina sababu ya kukaa kimya.

Kwa wafanyakazi ambao kiwanda chao kinanunuliwa sasa, jambo la kutangulia ni michango ya NSSF. Kiwanda kinachokosa fedha mara nyingi huanza kwa kukata mchango katika mshahara bila kuupeleka. Mwombeni mfuko taarifa ya michango yenu wakati mwajiri bado yupo na ofisi ina karani, maana baada ya lango kufungwa hata daftari za mishahara hupotea. Tunzeni barua za kuajiriwa na hati za mishahara nyumbani, wala msiziache katika kabati la kazini. Akina mama, ninyi ndio watunzaji wa karatasi katika nyumba nyingi, na zile za baba zitafutieni mfuko usiopenya maji.

Ikifika siku ya kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kabla hajakata shauri. Mtu aliyetimiza mwaka mmoja wa kazi ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili alioutumikia, hata miaka 10. Hiki ni kiwango cha chini, na mkataba wa hali bora waweza kuwapa zaidi. Anayeona kwamba ameachishwa isivyo haki hupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na madai ya namna nyingine ndani ya siku 60. Wengi wamepoteza haki zao si kwa kukosa ushahidi, bali kwa kungoja mwekezaji mpya aliyeahidiwa atakuja kuwalipa.

Nao wakulima wa Murangi na wa Bunda, ambao hawana barua ya ajira wala siku 30 za kuhesabu, wamebaki na ushirika wao wa msingi na mizani ya kununulia pamba. Ni katika mkutano wa ushirika huo, kabla ya msimu kufunguliwa, ndipo wanapoweza kuuliza pamba yao itachambuliwa wapi, na ikiwa pana mtu anayetaka kuifuma Mara, amekwisha kuonyesha nini zaidi ya hati ya kiwanja.